Ahadi Tisa za Manabii, Kuanzia ya Chini Kupanda

Kuwapanga manabii kwa namba ni kutafuta ugomvi, na ugomvi huu nautaka. Manabii wa Kiebrania walipeleka habari mbaya kizazi baada ya kizazi: Samaria ikaanguka mikononi mwa Waashuru mwaka 722 KK, Yerusalemu ikachomwa na Wababeli mwaka 586 KK. Ndani ya kilio hicho kuna ahadi za kurejeshwa, nazo zina tabia moja ambayo mahubiri mengi huipita mbio. Haziahidi mema kwa jumla. Kilichotajwa kwenye hasara ndicho kinachotajwa kwenye marejesho, kwa jina lake na mahali pake. Ikiondoka divai, inarudi divai. Ikiondoka nyumba, inarudi nyumba.

Kipimo changu basi ndicho hicho. Nabii anayerudisha kilekile kilichopotea anapanda, na akikirudisha kwa gharama yake mwenyewe anapanda zaidi. Mwenye kubisha alete Biblia yake tukae, siku bado ndefu.

9. Amosi, aliyetuwekea tamu mwishoni kabisa

Mchungaji wa Tekoa, mtunza mikuyu, alitoka kusini akaenda kuwasuta matajiri wa kaskazini enzi za Yeroboamu wa pili. Aliwakuta wamelala kwenye vitanda vya pembe za ndovu. Vipande vya pembe hizo vilifukuliwa Samaria miaka ya 1930, kwa hiyo asije mtu akasema mzee alikuwa anatia chumvi.

Kitabu chake kina sura 9, na habari njema inaanza mstari wa 11 wa sura ya mwisho. Mistari mitano tu! Aliyesinzia kidogo kabla ya amina ameikosa yote. Lakini itazame mistari hiyo. Katika sura ya 5 Amosi aliwaambia wanaowakanyaga maskini kwamba mizabibu wamepanda, ila divai yake hawatainywa. Katika sura ya 9 watu wanapanda mizabibu, na divai wanainywa. Ahadi imeifuata laana mpaka shambani na kuigeuza palepale. Mavuno yenyewe yatakuwa mengi hata mwenye jembe la msimu mpya atamkuta mvunaji bado hajamaliza kazi, na mkulima gani atalalamika kwa msongamano wa namna hiyo?

Mistari mitano, mzee wangu. Ungetupa hata mitano mingine, ungepanda nafasi tatu.

8. Hosea na bonde lenye sifa mbaya

Mashabiki wa Hosea, msinune. Akori ni bonde alikopigwa mawe Akani na jamaa yake siku za Yoshua, mahali ambapo mzazi angemwambia mtoto asipite jioni. Hosea anasema palepale patakuwa mlango wa tumaini. Angeweza kuchagua bonde lingine, kwani nchi ile haina uhaba wa mabonde, lakini hakuchagua.

Watoto wake nao walibeba majina mazito: binti ni Asiyehurumiwa, mdogo wake ni Si Watu Wangu. Hebu waza wanavyoitwa kisimani mbele ya wenzao! Majina hayo yanageuzwa, moja kwa moja, kabla sura ya 2 haijaisha. Kisha sura ya 3 Hosea anamkomboa mke kwa shekeli 15 za fedha na homeri moja na nusu ya shayiri. Mwanamume aliyeanza na fedha akamalizia na nafaka ni mwanamume aliyekung'uta mpaka ghala. Nampa heko. Ila yule mke anayekombolewa haachiwi aseme hata neno moja, na mimi nilitaka kumsikia.

7. Yoeli, mhasibu wa nzige

Hakuna aliyehesabu hasara vizuri kama Yoeli. Anawataja waharibifu wanne kwa mpangilio: tunutu, nzige, parare, madumadu. Kilichosazwa na mmoja kimeliwa na anayefuata. Anataja nafaka, divai na mafuta kwamba vimekwisha. Anataja mtini uliochunwa maganda ukabaki mweupe.

Wakazi wa Yerusalemu waliyaona hayo kwa macho yao mwaka 1915, nzige walipoivamia nchi ile, na wapiga picha wa huko wakaacha kumbukumbu ya miti iliyobaki vijiti. Wasomaji wa Kenya, Uganda, Somalia na Ethiopia hawahitaji picha za 1915. Ya 2020 hayajasahaulika. Kundi la nzige wa jangwani lenye eneo la kilomita moja ya mraba laweza kula kwa siku moja chakula cha watu 35,000. Msomeni Yoeli mkiwa na hesabu hiyo mkononi, ndipo mtajua kwamba hakuwa anapamba maneno.

Sasa njoo sura ya 2. Nafaka, divai na mafuta vinarudi, vyote vitatu, katika mstari mmoja. Na wale wadudu wanne wanaitwa tena kwa majina, hakuna aliyesahauliwa, huku Mungu akiahidi kuilipa miaka waliyoila. Miaka! Nafaka nilitegemea, kwa sababu mvua ikinyesha nafaka huja. Lakini nani aliwahi kurudishiwa miaka? Mama aliyeuza mbuzi wa mwisho ili mtoto asife njaa anajua kwamba hasara kubwa si gunia lililopotea, ni ule mwaka mtoto aliokaa nyumbani bila shule. Yoeli anaujua mwaka huo na anauandika kwenye deni.

Angekuwa juu zaidi kama angetuambia yeye mwenyewe alipoteza nini. Tunajua baba yake aliitwa Pethueli, basi. Ndugu Yoeli, umehesabu shamba la kila mtu isipokuwa la kwako.

6. Maombolezo, kitabu kisichorudisha kitu

Hapa wajuzi wataninyooshea kidole: Waebrania hawakukiweka kitabu hiki miongoni mwa Manabii, wamekiweka katika Maandiko. Sawa. Mapokeo yanampa Yeremia, na mimi nafuata machozi.

Aliyekitunga alikuwa analia kwa mpangilio wa alfabeti. Herufi za Kiebrania ni 22. Sura ya 1, ya 2 na ya 4 zina mistari 22, kila mstari na herufi yake kwa zamu, na sura ya 3 inatoa mistari mitatu kwa kila herufi, jumla 66. Tumaini limewekwa katikati ya sura hiyo ya katikati. Halafu kilio kinaendelea! Napenda ujasiri huo. Mwandishi hakuona aibu kutumaini mstari wa 21 na kulia tena muda mfupi baadaye, na asije mtu akamwambia mfiwa kwamba akishaimba mara moja asirudie machozi.

Siku ya Tisha B'Av, Wayahudi wanapokumbuka kubomolewa kwa hekalu la kwanza na la pili, hukaa chini na kukisoma chote. Mwisho wake ni mchungu kiasi kwamba katika sinagogi mstari wa kabla ya mwisho hurudiwa, ili watu wasiondoke na uchungu ule masikioni.

Kitabu hiki hakirudishi kitu, kinaorodhesha. Mji usio na mfariji. Watoto wanaozimia kwa njaa njiani. Wazee walioacha kuketi langoni. Nakuomba uvishike hivyo vitatu, kwa sababu manabii wawili wanakuja kuvichukua.

5. Isaya 40, mfariji amefika

Huyu ndiye wa kwanza. Maombolezo sura ya 1 inarudia na kurudia kwamba Yerusalemu hana wa kumfariji. Isaya 40 inafungua mdomo kwa amri ya kufariji, na amri hiyo inatolewa mara mbili papo hapo, kana kwamba mtoa amri amekuja mbio. Wasomi wengi huona kwamba sura za 40 hadi 55 ni za nabii aliyekuwa na wahamishwa Babeli, kama karne moja na nusu baada ya Isaya mwana wa Amozi. Kwangu hilo linaongeza utamu: aliyeambiwa awafariji alikuwa amekaa nao.

Gombo kubwa la Isaya lililopatikana Qumran mwaka 1947 lina urefu wa zaidi ya mita 7 na umri wa zaidi ya miaka 2,000. Sura ya 39 inaisha kwa habari kwamba hazina na wana wa mfalme watachukuliwa Babeli. Mwandishi alipomaliza hapo, safu yake ilibakiwa na mstari mmoja chini kabisa. Mwingine angeuacha mtupu aanze vizuri safu mpya. Yeye akaanza faraja kwenye mstari huohuo wa mwisho. Bila shaka alikuwa anabana ngozi, lakini niacheni nimpende.

Kisha kuna Koreshi. Sura ya 45 inampa mfalme wa Uajemi cheo cha mpakwa mafuta wa Bwana, na palepale inakiri kwamba Koreshi hamjui Bwana. Fikiria nyuso za wazee wa ukoo wa Daudi siku hiyo! Mwaka 539 KK Babeli ikaangukia mikononi mwake. Silinda yake ya udongo, iliyochimbuliwa mwaka 1879 na sasa iko katika jumba la makumbusho la Uingereza jijini London, inajisifu kwamba aliwarudisha watu na miungu yao mahali pao. Yerusalemu haitajwi humo, ila utaratibu ni uleule unaosimuliwa mwanzoni mwa kitabu cha Ezra.

Na baada ya siku ile ya kilio, Tisha B'Av, masinagogi husoma kutoka Isaya kwa Sabato saba mfululizo, zote za faraja, ya kwanza ikiwa sura hii ya 40. Siku moja ya kulia, wiki saba za kufarijiwa. Mwenye ratiba nzuri kuliko hiyo ajitokeze.

4. Barua ya Yeremia, hasa mstari usiobandikwa kwenye gari

Yeremia 29:11 tunaujua sote. Uko kwenye vioo vya daladala, uko kwenye kadi za mahafali, uko kwenye hali ya simu ya shangazi. Ni mzuri, na shangazi asiuondoe. Ninachouliza ni hiki: mstari wa 10 umekosa nauli? Kwa sababu ndio unaosema miaka 70. Mhamishwa aliyeipokea barua ile akiwa na umri wa miaka 30 alikuwa anaambiwa, kwa upole, kwamba atazikwa Babeli.

Alikuwepo nabii mwenye ofa tamu zaidi. Hanania mwana wa Azuri aliahidi kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na wahamishwa wote watakuwa wamerudi. Umati gani usingempenda? Akafa mwaka uleule. Hanania hayumo katika orodha hii, na wanaoahidi kwa haraka yake mpaka leo nao hawamo.

Yeremia aliandika: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni na kuozesha, uombeeni amani mji uliowateka. Hapo kwenye kuoa simama kidogo. Kitabu chake kinatangaza mara tatu, katika sura ya 7, ya 16 na ya 25, kwamba sauti ya bwana arusi na bibi arusi itanyamazishwa. Yeye mwenyewe alikatazwa kuoa. Na sasa kapera huyu, aliyenyimwa harusi, ndiye anayewaandikia wengine waandae harusi, tena ugenini! Sura ya 33 inaimaliza kazi: sauti ya bwana arusi na bibi arusi itasikika tena katika miji ya Yuda.

Walimsikia. Mabamba ya udongo ya mji ulioitwa Al-Yahudu, katika nchi ya Babeli, ya zamani kuliko yote yakiwa ya mwaka 572 KK, yanawaonyesha Wayuda wakilima, wakilipa kodi, wakikopeshana shayiri na tende. Umo hata mkataba wa ndoa.

3. Ezekieli, aliyemrudishia Mungu swali

Ezekieli alichukuliwa mateka mwaka 597 KK akaishi Tel-abibu, kando ya mfereji wa Kebari. Mke wake, furaha ya macho yake, alikufa ghafla, naye akaamriwa asilie hadharani. Ukimsoma bila kukumbuka kifo hicho utamwona mtu wa maajabu tu, magurudumu na mabawa. Ni mjane.

Wahamishwa walikuwa na kauli yao: mifupa yetu imekauka, tumaini limetupotea. Basi Mungu akaichukua kauli hiyo kama ilivyo akampeleka nabii kwenye bonde lililojaa mifupa. Katika sura ya 6 mifupa hiyo ilitishiwa kutawanywa kuzunguka madhabahu. Katika sura ya 37 inakusanyika, mfupa kwa mfupa wake, kisha mishipa, nyama, ngozi, na mwishoni pumzi. Akaulizwa kama mifupa hii yaweza kuishi. Wewe ungesema nini? Ndiyo ingekuwa majivuno, na hapana ingekuwa msiba wa pili. Ezekieli akajibu kwamba anayejua ni Bwana. Katika historia yote ya mitihani ya mdomo sijaona jibu la busara kuliko hilo.

Watu hawakuiachia sura hiyo. Katika sinagogi la Dura-Europos, Syria, waumini waliichora ukutani karibu mwaka 244 BK. Na Masada, ngome ya mwisho ya waasi wa Kiyahudi dhidi ya Roma, wachimbaji walikuta chini ya sakafu ya sinagogi vipande vya gombo la Ezekieli vyenye sura hiyohiyo ya 37. Waliokuwa wamezingirwa jangwani walikuwa na bonde la mifupa mkononi.

Tena kuna lango. Utukufu wa Mungu uliondoka hekaluni kwa lango la mashariki, na sura ya 43 unarudi. Kwa lango gani? La mashariki, ndugu yangu, lilelile! Na mto wa sura ya 47, unaotoka chini ya kizingiti ukifika vifundoni, magotini, kiunoni, mpaka hauvukiki, unateremka kuiponya Bahari ya Chumvi isiyo na samaki, na wavuvi wanatandaza nyavu kutoka En-gedi hadi En-eglaimu. Kitu kimoja kinanichekesha kwa furaha: vinamasi vinaachwa vibaki na chumvi. Hata katika maono ya ulimwengu mpya, kuna aliyekumbuka kwamba mboga inahitaji kukolezwa.

2. Zekaria na mtaa wenye kelele

Vile viwili vilivyobaki umevishika? Watoto walioanguka njiani, wazee walioacha kuketi langoni.

Mwaka 518 KK Yerusalemu ni mji wa waliorudi wachache, hekalu bado linajengwa, na walioliona lile la kwanza walikuwa wameulilia msingi wa hili la pili. Zekaria anawaeleza mji utakavyokuwa. Hataji jeshi, hataji dhahabu. Anasema vikongwe, wanaume kwa wanawake, watakaa tena katika njia za Yerusalemu, kila mmoja na mkongojo wake kwa sababu ya kuishi siku nyingi, na njia hizo zitajaa wavulana na wasichana wanaocheza.

Ndiyo ahadi nzima. Babu ameketi barazani na mtoto anapiga kelele. Ili jambo dogo hilo liwepo, vita visiwepo, njaa isiwepo, maji yawepo, kodi isiwe ya kukaba, na mtoto aliyezaliwa asizikwe kabla ya kujifunza kukimbia. Zekaria ameyasema yote hayo bila kuyataja. Anayesema kwamba watoto wa jirani wanamsumbua kwa kelele asome sura ya 8, kisha atoke nje awape mpira.

1. Yeremia na shamba la Anathothi

Mwaka 587 KK, Wababeli wameuzingira Yerusalemu na maboma yao yamefika ukutani. Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa kosa la kusema kwamba mji utaanguka. Anaingia Hanameli, mwana wa ami yake, na habari ya biashara: ninunulie shamba langu la Anathothi, haki ya kulikomboa ni yako.

Hanameli, kijana wangu, tuongee. Anathothi iko karibu kilomita 5 kaskazini-mashariki mwa Yerusalemu, na ukuta wa Yerusalemu umezungukwa na jeshi. Unamuuzia mfungwa ardhi iliyo upande wa adui! Na siyo hilo tu: watu wa Anathothi ndio waliowahi kupanga kumuua Yeremia, ndugu wa kijiji chake mwenyewe. Na alipojaribu kutoka kwenda kwenye fungu lake nchi ya Benyamini, alikamatwa langoni akaitwa msaliti. Dalali mwenye moyo mgumu kuliko wote angeona haya kuileta bidhaa hii.

Yeremia akanunua. Alipima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, uzito wa karibu gramu 200. Akaandika hati, akaweka mashahidi, akatia muhuri. Nakala mbili, moja iliyofungwa kwa muhuri na moja iliyo wazi, akampa Baruku mwana wa Neria azitie katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Mtu ambaye mji wake uko karibu kuteketea anasisitiza nakala ya pili! Alikuwa ametangaza katika sura ya 6 kwamba nyumba na mashamba ya watu vitapewa wengine. Sasa anatangaza kwamba nyumba, mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi hii, na wa kwanza kununua ni yeye.

Baada ya malipo ndipo akaomba, na ombi lake ni la mtu aliyeshtuka: Bwana, mji huu unauona mwenyewe, halafu umeniambia ninunue shamba? Kalipa kwanza, kauliza baadaye. Ndiyo maana nimempa kiti cha juu. Wengine wote katika orodha hii, ukimtoa Hosea na shekeli zake, walisema tu. Huyu alisema na akatoa fedha mfukoni.

Hakulilima. Baada ya mji kuanguka alichukuliwa na wenzake mpaka Misri, Tahpanesi, na habari zake zinaishia huko.

Ezra sura ya 2 ina orodha ya waliorudi kutoka Babeli baada ya Koreshi kuwafungulia njia. Ni majina na idadi, ukurasa ambao wasomaji wengi huuruka. Kuna koo zilizotafuta hati zao zisizione, na makuhani waliokosa nafasi kwa kukosa maandishi. Na kuna mstari wa 23, ambao Nehemia anaurudia bila kubadili hesabu: watu wa Anathothi, 128.